Edna Ormerod na Wanawake wa Mitambo

Edna Ormerod alizaliwa Oldham, mtoto wa mwoka mikate. Alipotimiza miaka kumi na tisa alipanda treni kwenda London kupiga chapa miswada katika studio ya filamu. Mama yake alilia pale stesheni. Baba yake alimpa mkate wa zabibu kavu, akamwambia, "Ukichoka, rudi. Tanuri halihami."

Hakurudi. Katika mswada mmoja alikuta mama wa Lancashire, jimbo la kwao, anaanika nguo Jumapili asubuhi, siku ya ibada, naye akaandika pembeni kwa penseli: "Haiwezekani. Majirani wangemsema mpaka Krismasi." Mtayarishaji wa filamu hiyo, Bwana Pettifer, akamwita ofisini. Edna alikwenda akijua kibarua kimeota nyasi.

"Ni wewe uliyeandika hivi?"

"Ndiyo, bwana."

"Kuna makosa mengine?"

"Kumi na manne, bwana."

Mzee alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kwa karibu miaka kumi na sita baada ya hapo Edna alikuwa mkono wake wa kulia. Alitafuta waigizaji, akasuluhisha waliogombana, akajua nani asikalishwe karibu na nani wakati wa chakula. Pettifer alipostaafu mwaka 1956, kiti kikawa cha Edna. Mafundi wa taa walinong'ona kwamba sasa, bosi akiwa mwanamke, watachaguliwa hata soksi. Aliwasikia.

"Zako zimetoboka, Stan," alisema akipita. "Tutaanza na wewe."

Filamu yake ya kwanza ilihusu mgomo wa wafumaji. Alitaka ipigwe kwao kaskazini, katika kiwanda cha kweli cha kijiji cha Cragden, na wanawake wa pale pale wajaze umati. Mwongozaji alikuwa Julian Farrant, kijana wa London mwenye kipaji na ulimi mkali. Siku ya tatu mitambo iliwashwa, sakafu ikatetemeka, na Julian akawataka wanawake wapige kelele za kuanza mgomo. Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" alifoka. "Hata ng'ombe wangeelewa!"

Wanawake arobaini walivua aproni na kutoka nje.

Edna aliwafuata hadi ukumbi wa kanisa, akawakuta wanakunywa chai. Mbele yao alikaa Annis Clegg, aliyekuwa kwenye ufumaji kwa miaka arobaini, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mhunzi.

"Umekuja kutubembeleza, mwanangu?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Aliyetutukana hana miguu?"

"Anayo. Nimemwambia aje, na anakuja."

"Basi usisimame kama nguzo. Vikombe hivyo havijioshi."

Edna akakunja mikono ya koti lake la London, akaosha vikombe. Alipofika cha kumi hivi aliuliza kwa upole, "Mama, mlicheka nini kule?"

"Kelele!" Annis alisema. "Ndani ya mitambo ile, nani angekusikia? Sisi tunasemezana kwa midomo." Akamgeukia mwenzake upande wa pili wa ukumbi, akachezesha midomo bila sauti. Yule akajibu vivyo hivyo, na ukumbi mzima ukacheka.

Edna alisimama na kitambaa mkononi, uso umemwiva. Shangazi yake mwenyewe, mfumaji, alikuwa akizungumza hivyo, hata mezani, hata kanisani. Yeye aliyegundua makosa kumi na manne ya wengine alikuwa amepitisha hili bila kuliona. London ilikuwa imemsahaulisha kwao.

Julian alipoingia, alivua kofia. "Nimekosa, akina mama," alisema. "Nisameheni."

"Tumesikia," Annis akajibu. "Kaa, unywe chai. Umekonda kama uzi."

"Julian," Edna akasema, "sikiliza jinsi mgomo unavyoanza."

Walipiga tukio lile kesho yake. Mitambo inanguruma, mwanamke mmoja anachezesha midomo, jirani yake anampokeza wa tatu, neno likapita safu hadi safu, kisha mitambo ikazimwa mmoja mmoja mpaka kukawa kimya. Julian alisahau kusema "kata".

Wenye kampuni kule London walitaka muziki na makelele yaongezwe. Edna alikataa. Walimtishia, akawaambia wamtafute mtayarishaji mwingine, akachukua mkoba wake. Walimrudisha kabla hajafika kwenye lifti. Filamu ikatoka vile vile, jina la Annis Clegg likiandikwa kwenye skrini kama mshauri, na watu wa Cragden walikodi mabasi mawili kwenda kuitazama Manchester.

Ya pili, vichekesho kuhusu harusi, ilianguka vibaya. Gazeti moja lilisema hata bibi harusi alionekana kusinzia. Edna alilisoma akinywa chai, akacheka mahali palipostahili, kisha akampigia Julian simu kumuuliza kama ana nafasi Jumatatu. Walifanya filamu tisa zaidi pamoja, na waligombana katika kila moja.