Baraza la Raundabauti ya Kisii

Juzi nilikuwa katika duka la vitambaa linalotazama raundabauti ya Kisii mjini. Mteja mgeni alizigonga nguzo kuukuu za baraza la mbele ya duka, akamwambia mwenye duka, mzee wa asili ya Kihindi, "Mzee, bomoa hii, ujenge ghorofa."

Mama mmoja kutoka Nyaramba akaweka kitambaa chini. "Ngoja, kijana. Nilipokuja kununua kitambaa cha gauni langu la harusi, mvua ilinikuta hapa. Baba ya huyu mzee akanitolea kiti. Mgusii gani hajawahi kusimama chini ya hii baraza?"

Mzee akacheka, akasema jambo kwa Ekegusii safi, lugha yetu sisi Wagusii.

"Anasemaje?" mgeni akauliza.

"Anasema habomoi," mama akamjibu.

Nilitoka nimenyoosha mabega, kana kwamba baraza lile nililijenga mimi.