Verlyn na Ndege Iliyosubiri Watu

Hapa kisiwani Carriacou, shirika letu la ndege, Lambi Air, lilikuwa ni binamu yangu Verlyn. Kapteni Cuthbert alikuwa na ndege tu, ya viti tisa, yenye mlango uliofungwa kwa teke. Aliyepima mizigo, kukata tiketi, kufukuza mbuzi uwanjani na kuamua ndege iondoke lini alikuwa Verlyn. Fahari yake ilikuwa moja: hajawahi kumwacha mtu.

Basi ndege ilisubiri. Ilimsubiri mwalimu aliyerudi kuangalia kama amezima jiko. Ilimsubiri bibi harusi aliyekuwa bado anasukwa. Na aliyechelewa hapandi kimyakimya kama ng'ombe. Lazima amsalimie kila mmoja na kuulizia goti la mama yake. Ndege ilijaa kila siku. Grenada, kisiwa kikubwa, tulifika tumechelewa, lakini hakuna umbea uliotupita.

Wageni waliokosa ndege zao za Ulaya wakalalamika. Akaja mkaguzi wa serikali, Bwana Alleyne, na suti nyeusi kwenye jua lile.

"Leo mkichelewa, leseni naichukua," akamwambia Verlyn. "Na mimi mwenyewe nitakuwemo."

Kisha akavuka barabara kunywa chai kwenye mgahawa wa Tanti Ione, shangazi wa kila mtu. Maskini, hakujua. Kwa Tanti huinuki mpaka umalize sahani, naye hukuongezea kila ukigeuka.

Saa ikatimia. Verlyn akatazama barabara, jasho likimtoka. Bila leseni hakuna kazi, hakuna ndege.

"Vee, jamaa hayupo," Kapteni akasema.

"Si kasema tusichelewe? Ondoka!"

Ndege ilikuwa imeshapaa mkaguzi alipotokea mbio, mkate wa kukaanga mkononi.

"Mngenisubiri!"

"Si wewe uliyekataza, baba?" Verlyn akamjibu.

Ndege iliondoka kwa saa, leseni ikabaki kwetu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe tumejimaliza wenyewe. Tangu siku ile Verlyn aliingiwa na woga wa kupokonywa leseni, akawa anafunga mlango kwa saa. Mwalimu akaachwa. Bibi yetu mwenyewe akaachwa, ameshika keki ya ubatizo.

"Hiyo sasa ndege ya nani?" Bibi alifoka. "Nimekulea mimi, unanifungia mlango?"

Watu wakahamia kwenye boti, ambayo inatapisha lakini inasubiri. Viti vikabaki vitupu, hadi Kapteni akapata mnunuzi wa ndege kisiwa kingine.

Safari ya mwisho abiria nilikuwa peke yangu. Injini ilinguruma, saa ikatimia, na Verlyn hakufunga mlango. Alisimama pale chini akitazama barabara, macho mekundu. Nilimwonea huruma.

"Vee, muda!" Kapteni akapaza sauti.

"Zima injini, Cuthbert."

Akazima. Tulikaa sana kwenye joto lile. Mwishowe Tanti Ione akatokea, polepole, na shelisheli kichwani. Akamsalimia Verlyn, akamsalimia Kapteni, akanisalimia mimi na kuulizia goti la mama. Verlyn akamshika mkono ampandishe ngazi.

"Nipande niende wapi?" Tanti akashangaa. "Nimeleta shelisheli la dada yangu kule Grenada. Nilijua tu mtasubiri."

Verlyn akalipokea kwa mikono miwili, akalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, akashuka na kuupiga mlango teke.