Lori Lililogoma Kila Asubuhi

Gereji yetu iko Kawempe, pale barabara inapoanza kuteremka. Mchana mmoja dereva aliniletea lori la kubebea maharagwe. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, cha sauti kubwa. Mwenye lori, mama mfanyabiashara kutoka Kongo, alikuwa amemwambia wazi kwamba likigoma tena kesho asubuhi, ufunguo atapewa dereva mwingine.

“Likishapata moto halina shida,” alisema. “Lakini likilala, asubuhi napampu dizeli kwa mkono mpaka jasho. Zamani mara kumi. Leo mara sitini na tano.”

“Sitini na tano, afande? Hayo si mazoezi ya kuruti?”

“Cheka tu. Jeshini hakuna aliyenishinda.”

Alikuwa amebadilisha betri bure. Nilimweleza kwamba gari linalosumbua baada ya kulala tu, kisha likashinda zima mchana kutwa, mara nyingi limerudisha dizeli kwenye tangi. Tangi liko chini, injini juu. Hewa ikipata upenyo, dizeli inateremka yenyewe, na asubuhi bomba limejaa hewa.

“Upenyo gani? Mbona halivuji hata tone?”

Hapo wengi hukwama, na si ujinga. Nilichukua mrija kwenye soda yake, nikauziba juu kwa kidole na kuuinua. Soda ikabaki ndani. Nikalegeza kidole kidogo tu, ikashuka yote.

“Umeona? Pale juu hakijatoka kitu. Imeingia hewa, basi.”

Akaninyang'anya mrija, akajaribu mwenyewe mara tatu, mpaka soda ikaisha mezani.

Nikafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya mkono, na kingine baada yake. Tukaliwasha. Cha kwanza kilipitisha dizeli safi. Cha pili kilikuwa na mapovu. Kumbe hewa iliingilia kwenye pampu ileile ya mkono: ringi yake ya mpira ilikuwa imelika, na kadiri alivyopampu ndivyo ilivyozidi kulika.

“Kwa hiyo ni mkono wangu?” aliuliza taratibu.

“Mkono wako ndio ulioliwasha siku zote hizi. Pampu imezeeka tu. Inataka kustaafu.”

“Kama mimi,” akasema, na hatimaye akacheka.

Tulifunga pampu mpya, pamoja na washa mpya za shaba, zile pete bapa za kuziba upenyo, kwenye viungo tulivyofungua. Za zamani hazirudishwi. Kisha nikamwambia aliache lilale pale nje, pua ikitazama juu mlimani.

“Wewe fundi, unataka nifukuzwe? Hivyo ndivyo linavyogoma zaidi!”

“Ndiyo maana. Likiwaka hivyo, litawaka popote.”

Akapanda, akaligeuza.

Alfajiri mvua ilinyesha. Nilipofika, mama alikuwa amesimama nje ya gereji na yule dereva mwingine, wakitazama ardhi iliyolowa na sehemu moja kavu yenye umbo la lori.

“Fundi, lori langu liko wapi?”

Kabla sijajibu, simu yake ikalia. Sauti ya kambini tuliisikia sote: “Mama, niko stoo tangu saa kumi na mbili! Wapakiaji wanakungoja wewe tu!”

Mama akamgeukia yule dereva mwingine na kumwomba radhi kwa kumwamsha mapema.