Hasira ya Mzee Mwigizaji

Namshukuru Mungu kwa yule mzee wa Kiarabu niliyekaa naye dawati moja darasa la Kiingereza la jioni, Fordsburg. Mimi nililetwa Johannesburg na mume wangu, aliyeishi ukimbizini kwetu Morogoro mpaka kwao kukawa huru. Mzee alimfuata binti yake, muuza manukato. Sote Kiingereza kilikuwa kinatupiga chenga.

Nilitaka cheti ili chekechea ya msikitini wanipe watoto niwafundishe. Kuandika nilijitahidi. Mtihani wa kuongea ndio ulioniangusha, maana mbele ya mwalimu nilikuwa nanong'ona tu.

Mzee kwao alikuwa mwigizaji mkubwa. Alianzia jukwaani, askari wa kusema "Anakuja!" basi. Baadaye televisheni ikamchukua, kila Ramadhani anaigiza baba mkwe katili, mpaka wauzaji sokoni wakamnyima vitunguu, wakimfokea: "Mrudishie kwanza mkweo dhahabu yake!" Sasa alisoma "hii ni kalamu" kwa sauti ya kutikisa madirisha, darasa zima hoi kwa kicheko.

Jioni moja nikamuuliza kama analikumbuka jukwaa. Akajishika kifua. "Hasra, ukhti. Hasra."

"Hasira? Nani kakuudhi, mzee wangu?"

Nikamhubiria subira na kusamehe, kwa Kiingereza changu hichohicho cha kuokoteza, mpaka binti yake akaja kumchukua. Akanisikiliza, akacheka.

"Anti, hana hasira na mtu. Kwetu hilo neno ni majonzi ya ulichokipoteza."

Niliona aibu! Lakini mzee alikuwa ananitazama vingine. "Ukhti, umeongea Kiingereza saa nzima. Umenipigia kelele! Kwa nini mwalimu unamnong'oneza?"

Siku ya kurudia mtihani alikaa kwenye korido, mlango wazi. "Usiongee na mtahini. Ongea na mimi, huku nje."

Nikaambiwa nieleze habari za mtu ninayemfahamu. Nikaeleza ya vitunguu, kwa sauti ya kufika kwenye korido. Mtahini alicheka mpaka akavua miwani, akasema nimepita.

Nilipotoka mzee alikuwa amesimama, anapiga makofi peke yake, macho yamelowa.

"Hasra, mzee?" Safari hii nililitamka kama wao.

"Kidogo. Umetoka bila kuinama. Mwigizaji akimaliza huinama."

"Mimi namwinamia Mola tu."

"Basi kainame huko!"

Nikaenda kuswali Isha. Kwenye dua nikamtaja yeye kabla ya kazi yangu.