Siku Tuliyofungua Shimo la Munyu

Kila Jumamosi mama yangu aliingia ardhini, kichwa kikitangulia, na kitu cha mwisho kuonekana kilikuwa viatu vyake vya gambuti. Kisha alianza kuimba nyimbo za kanisani humo ndani, sauti ikitoka kana kwamba kilima chenyewe kimeokoka.

Chini ya nyasi zetu za napia, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuna tabaka la udongo wa kijivu wenye chumvi. Tunauita munyu, na ng'ombe wanaupenda kuliko chumvi yoyote ya dukani. Mama aliufuata kwa jembe la mpini mfupi mpaka shimo likawa pango. Alipotoka na karai limejaa, ng'ombe wetu mzee, ambaye siku nyingine hata kusimama ni kazi, aliinua mkia na kuteremka mbio, kiwele kikipiga huku na huku. Tulicheka mpaka tukashikilia ua. Mimi mwenyewe nimeulamba, na sioni haya kusema ni mtamu.

Mwaka mmoja, mvua ya masika ilipokwisha, nilitoka Timau ninakofundisha nikaja nyumbani likizo. Nikakuta ufa kwenye napia, juu kabisa ya pale mama alipokuwa akipiga magoti kuchimba. Mkono wangu uliingia mpaka kiwiko. Nikamwita mama aje aone.

"Hiyo ni fuko anachimba tu," mama akasema.

"Mami, fuko gani anaweza pasua shamba hivi? Hii kitu itakuangukia!"

"Hii shimo tunajuana. Nilikuwa naingia huko nikiwa na mimba yako."

Nina hasira za karibu, na sikuzificha. Nilikaa mlangoni mwa shimo, nikanyoosha miguu, nikamwambia akitaka kuingia anikanyage. Aliniletea uji hapo hapo, akasema nimefanana kabisa na mama mkwe wake. Majirani walipita wakinipa pole kama mgonjwa.

Jioni tukapatana, au tuseme alichoka. Tungekata kutoka juu, ngazi kwa ngazi, kama matuta ya kahawa, ili kila anayechimba awe na mbingu juu ya kichwa chake. Ngazi ikiishiwa munyu, tungeirudishia udongo mweusi na kupanda napia tena, mvua isije ikateremsha kilima chote. Ndivyo tunavyochimba hata leo. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba mkubwa wa kazi awe yeye.

Kesho yake wanawake wa kikundi chake cha kanisa wakafika na majembe na vicheko. Mama alisimama juu akitoa amri, akimkemea huyu na yule, amefurahi kupita kiasi. Mimi niliwasimamisha wote nyuma ya ufa, nikatia mtaimbo ndani yake, nikauegemea kidogo tu.

Kilima kikalia puu. Napia ikazama mbele yetu, na mlango wa shimo haukuwepo tena. Palikuwa na udongo tu, mwingi, umejaa mpaka pale nilipokuwa nimekaa na kikombe changu cha uji.

Halafu mama akakaa chini kwenye tope akaanza kucheka, kile kicheko kisichoshikika, akatuambukiza sote. Mmoja alitupa jembe akacheza. Mwingine alicheka na kulia kwa pamoja, kitambaa kimemwanguka kichwani. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nataka kumkumbatia kila mtu na ng'ombe pia.

Mama akanivuta karibu.

"Leo asubuhi niliingia shimoni," akaninong'oneza. "Ndama alikuwa anataka munyu. Wewe ulikuwa umelala."

Kicheko changu hakikukoma, kilipanda tu, machozi yakifuata. Nilimshika gauni kwa mikono miwili, na sikumwachilia mpaka tulipofika nyumbani.