Bastola Mbili za Mzee wa Samail

Siku yangu ya kwanza katika duka la silaha la Ibra, hapa Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliingia na shikamoo mdomoni, ikanirudi. Fundi Mkuu alikuwa amekaa mkekani, miwani imemshuka puani, na bastola fupi iko mbele yake juu ya kitambaa.

"Shikamoo, Maalim."

Hakuitika. Akanisogezea ile bastola, mtutu ukiangalia ukuta.

"Fungua silinda, tazama matundu, nambie mna nini."

Nikafungua, nikatazama. "Hamna kitu, Maalim."

"Haya, sasa marahaba. Duka hili, silinda nje kwanza, salamu baadae. Hata akija babako. Hata nije mie."

Nawaandikia nyinyi vijana mliozaliwa huku, ambao bastola mnaijua ya kwenye simu tu. Mimi sikusoma. Wazee wangu walitokea Tabora, na darasa la nne nililiacha huko huko pamoja na daftari zake. Lakini kuanzia Samail mpaka Sur hapajapata kuwa na mtu aliyeijua rivolva fupi kama nilivyoijua mimi. Semeni najisifu. Mtu akijisifu na kazi yake ipo, huyo anatoa habari.

Rivolva ni bastola yenye silinda, yaani kile kigurudumu cha chuma chenye matundu ya risasi, kinachozunguka kila ukivuta kifyatuo. Ile fupi, mtutu wake hauzidi vidole vitatu au vinne vya mtu mzima. Watu huidharau kwa udogo wake. Fundi Mkuu wangu, mtu wa Unguja mjini aliyekuja Oman na Kiswahili chake kikavu kama kilivyo, alikuwa akisema, "Yakhe, kubwa hutengenezwa na yeyote. Fupi hutengenezwa na mwenye akili."

Miezi ya mwanzo hakunipa hata bisibisi. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha silinda tupu polepole na kusikiliza. Kila tundu likifika mbele ya mtutu, kuna kijino cha chuma chini yake huingia kwenye kishimo cha silinda na kuifunga isitikisike. Kikiingia sawasawa hulia "ta", neno moja. Kikichoka hulia mawili. Nilizisikiliza sauti hizo mpaka nikawa nazijua nikiwa nimeipa bastola mgongo. Akinijaribu mbele ya wateja, mimi nimeangalia mlango, yeye anazungusha.

"Kishimo cha ngapi kimechoka?"

"Cha tatu, Maalim."

"Umebahatisha."

"Basi zungusha tena."

Hakunisifu hata siku moja, lakini wateja alikuwa akiwaita waje waone.

Kutoka Ibra nikapelekwa tawi la Sur, chini ya Mudir, yaani meneja wa tawi, mtu mrefu aliyeoga mara tatu kwa siku na kuzichukia alama za vidole. Sur ndiko nilikojifunza rangi za chuma, kwa sababu hewa ya chumvi haina adabu. Bastola ya buluu, ile inayoonekana nyeusi lakini ukiielekeza juani inatoa rangi ya shingo ya njiwa, si rangi ya kupakwa. Ni chuma chenyewe kimetiwa dawa kikabadilika ngozi. Nzuri, wallahi, hakuna nzuri kama hiyo, lakini jasho huila. Wavuvi wa Qalhat wakituletea zao zimepiga kutu kama misumari. Iliyochovywa nikeli inang'aa kama sinia la harusi, ila ikibanduka inabanduka kama ganda la kitunguu, na huwezi kuziba kipande. Halafu kuna chuma kisichoshika kutu, cheupe mpaka ndani ya kiini. Hicho Mudir alikipenda kuliko wanawe.

"Hiki," alikuwa akisema, "hata ukikizika kitafufuka kile kile."

Nami nikamwamini. Rukhsa yangu ya polisi ilipotoka, bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya chuma hicho, matundu matano, mpini wa mpira mweusi. Niliivaa sikukuu zote. Hata ukwaruzo haikushika.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikawa mkubwa wa duka la Nizwa, karibu na soko, chini ya Arbab mwenyewe. Arbab ndivyo tulivyomwita mwenye maduka yote matatu. Na hapo ndipo alipokuja Mzee wa Samail na wanawe wawili.

Mzee yule alikulia Unguja, kwa hiyo maneno yote yalikwenda kwa Kiswahili, na Kiarabu kikiingia mtu akipanda hasira. Mwanawe mkubwa, Hamud, alikuwa pande la mtu. Mdogo, Saif, mwembamba, mtu wa ofisini Maskati, Kiswahili chake cha kuokota okota. Mzee akaziweka bastola zake mbili mezani, silinda nje, ndipo akatoa salamu. Nikampenda papo hapo.

Moja ilikuwa ya buluu, ya zamani, matundu sita, mpini wa mti wa jozi. Ya pili mpya kidogo, nikeli, matundu matano, mpini mdogo wa mpira. Mzee alitaka kuwaandikisha wanawe polisi, kila mmoja bastola moja, kabla ya Idi, na wao hawakubaliani. Toka Samail wamekuja gari moja bila ya kusemezana.

"Mkubwa ni mkubwa," Hamud akaanza hata kabla ya kahawa. "Sita kwa mkubwa, tano kwa mdogo. Hesabu ya chuoni hiyo."

"Mkubwa wa tumbo," akasema Saif.

"Sema tena!"

"Khalas!" Mzee akapiga meza. Akanigeukia. "Mwanangu, nimewasikia vya kutosha. Kama hutonimalizia neno hili leo, zinunue zote mbili. Nitarudi Samail mikono mitupu, lakini nyumba yangu nitaikuta nzima."

Nikamwona Arbab kule pembeni anakaa sawa kitini. Alikuwa akiitaka ile ya buluu toka ilipotoka mfukoni. Kwake yeye, ugomvi ule ulikuwa riziki. Kwangu mimi, naapa, ilikuwa haramu kuona bastola za baba mmoja zikiuzwa kwa sababu watoto hawajui kuhesabu.

Nikaichukua ya matundu sita. "Bwana Hamud, hii ni ya zamani. Nyundo yake, hii inayopiga risasi, ikilala inalala juu ya risasi yenyewe. Ikikuponyoka ikaanguka, inaweza kulia. Kwa hiyo wenye akili tundu la chini ya nyundo huliacha tupu. Mzee, wewe ulikuwa ukitia ngapi?"

"Tano," akasema Mzee. "Toka siku ya kwanza."

"Haya. Na hii mpya ina kipande cha chuma ndani kinachoizuia nyundo mpaka uvute mwenyewe. Unajaza zote tano, unakwenda zako. Tano na tano. Mnagombania tundu tupu."

Saif akacheka. Nikanogewa, maana mimi nikipata masikio siachi. Nikawaonyesha kuwa silinda ya matundu matano ni nyembamba, inalala tumboni chini ya mkanda wa hanjari, lile jambia la kiunoni, bila ya kuisukuma, na mtu akisimama kwenye razha, pale wanaume wanapojipanga na kuimba, hanjari yake inakaa katikati, haipindi kama mdomo wa mwenye jino bovu. Nikawaonyesha vile vishimo vya kufungia. Kwenye silinda ya matundu sita kishimo kimekaa juu ya tundu lenyewe, penye chuma chembamba. Kwenye ya matundu matano kimeangukia baina ya tundu na tundu, penye chuma kinene. Niliieleza vizuri mno.

Hamud akaisukuma ile ya matundu sita kwa kidole. "Basi mkubwa atachukua tano."

"Aah!" Saif akaruka. "Hii ndogo ni yangu! Wewe umesema!"

Arbab akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mash'allah, fundi. Umelitibu jicho hili, umelipofua lile."

"Tia bei, mwanangu," akasema Mzee. Hakupaza sauti, na hiyo ikaniuma zaidi.

"Bado, Mzee. Bado hatujafika kwenye mpini."

Mpini ndio bastola, vijana. Vyote vingine ni vya kusimulia. Nikampa Hamud ile ya nikeli aishike. Mkono ule ungeweza kubeba jiwe la kusagia. Vidole viwili vimeshika, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani.

"Unakunywa kahawa ya mabibi?" Saif akamwuliza.

"Nitautia mpini mkubwa," akasema Hamud.

"Ukiutia mkubwa haitakuwa fupi tena," nikamwambia. "Utakuwa umemvisha mtoto kanzu ya babu. Na ukiacha huu mdogo, ikirudi nyuma itakung'ata hapa, baina ya dole gumba na kiganja." Nikampa Saif ile ya matundu sita. Kidole chake kikafika kwenye kifyatuo kwa ncha ya ukucha tu. Hata yeye aliona. Mikono ilikuwa imeshahukumu, ulimi wa Hamud ndio uliobaki.

Akaitazama ile ya buluu kama mtu aliyepewa nguo ya mtumba. Pembeni mwa mpini na kwenye mgongo wake wa chuma, weusi ulikuwa umekwisha, pamebaki kijivu.

"Tayyib," akasema. "Naichukua. Lakini ichovyeni nikeli, ing'ae kama ya huyu. Sitosimama na ndugu yangu siku ya Idi, yake kioo na yangu sufuria."

Kazi hiyo naiweza nimefumba macho. Nikanyoosha mkono kuipokea, na hapo nikamwona Mzee. Alikuwa amekaa, na kiganja chake cha kulia kimelala kiunoni, juu ya mkanda, mahali pasipo na kitu. Vidole vimepinda kidogo. Dole gumba limeegemea hewa. Bastola iko mezani, mkono wake haujapata habari.

"Bwana Hamud," nikamwambia, "mtazame babako. Usimtazame usoni. Mtazame mkono."

Akautazama. Saif naye akageuka. Nikaiweka ile bastola ubavuni, mgongo wa mpini juu.

"Hapa pa kijivu ni kiganja. Na hiki kialama cha mviringo ni dole gumba. Jasho haliwezi kufanya hivi mwaka mmoja, wala kumi. Hakuna fundi anayeweza kuitengeneza rangi hii, hata mimi. Nikitia nikeli lazima kwanza niipige msasa mpaka chuma kiwe kipya. Sema tu, naanza."

Hamud akaiinua, akaishika. Mkono wake mkubwa ukakaa pale pale, dole gumba juu ya dole gumba.

"Usiiguse, ami," akasema. "Isiguswe na mtu."

Mzee akautazama mkono wake mwenyewe kiunoni, kama wa mtu mwingine, akauondoa. "Kahawa yangu imepoa," akasema.

Saif akainuka. Tangu wameingia hakuwa amemimina, na kwetu mdogo ndiye anayemimina. Akachukua dele la kahawa, akamtilia babake, kisha akamtilia kaka yake, na kikombe akamshikisha kwa mikono miwili.

Walipoondoka Arbab akaniambia, "Umenifukuzia bastola mbili."

"Nimekuletea wateja wawili, Arbab."

"Mdomo wako ungekuwa silinda, ungebeba risasi mia."

Nilifanya kazi pale mpaka macho yalipoanza kunidanganya. Baina ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo kama unene wa karatasi, na fundi asiyeuona mwanya huo aende nyumbani. Nikaenda, bila ya kuambiwa, na Arbab akasema mbele za watu kuwa hatopata mwingine. Kweli, hajapata.

Sasa niko Ibra na bustani yangu ya mitende, na mabinti watatu wanaonikataza sukari. Ile bastola yangu nyeupe ya Sur niliirudisha dukani mwaka ule ule aliokuja Mzee wa Samail. Mudir aliposikia alinipigia simu kunitukana. Alikuwa na haki, haina kasoro ile. Nilikuwa nayo miaka yote na ukiitazama hujui kama iliwahi kuwa ya mtu. Nikaandikisha badala yake ya buluu, fupi, matundu matano, mpini wa jozi. Siipaki mafuta mengi. Kila nikikaa barazani mkono wangu unakaa juu yake, na juzi binti yangu mdogo aliuliza kwa nini kwenye mgongo wa mpini imeanza kuwa kijivu.