Bereti Niliyoikosa na Funga ya Mama

Wakuu, asubuhi ya Idi mwaka juzi mama yangu mzazi alinipigia magoti.

Hakuteleza. Hakuwa anaokota kitu. Alishuka mwenyewe kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele yangu, akashika miguu yangu, akaanza kulia.

Kwetu kisiwani Java mambo huenda kinyume na hapo. Siku ya Idi mtoto ndiye anayepiga magoti, anaweka paji la uso kwenye mapaja ya mama na kuomba radhi ya mwaka mzima. Mzazi kumpigia mtoto wake magoti, hilo sijawahi kuliona wala kulisikia. Dada yangu Wening alikuwa ameshika sahani ya wali wa Idi. Ilimponyoka ikapasuka, na hakuna aliyeinama kuokota.

Ngoja nianze mwanzo, maana hii kitu imenikaa kifuani muda mrefu.

Naitwa Seno. Nilikuwa daktari wa mifugo Boyolali, chini ya mlima Merapi, huko ambako kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa wawili watatu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwapandikiza ng'ombe mbegu. Mkono mzima unaingia hadi begani, huku mwenye ng'ombe anakushikia mkia na kukupigia stori za siasa.

Kazi haina sifa, lakini nilikuwa naiweza. Wazee walikuwa wananiita "daktari" hata na umri wangu ule wa miaka ishirini na tano.

Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja tangu utoto. Bereti.

Nikiwa sekondari mlima ulilipuka. Baba aligoma kuacha ng'ombe wake. Askari wa kikosi maalumu ndio waliopanda na majivu yale yakiwa bado ya moto, wakamkuta zizini, wakambeba mgongoni mpaka chini. Alikuwa ameshakata roho, na wao walijua, lakini walimbeba kama mtu mzima mwenye uhai. Mmoja wao alimlaza mbele ya mama, akavua bereti yake, akasema, "Samahani Mama, tumechelewa."

Siku ile nilijiapiza kwamba na mimi nitakuwa mmoja wao.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaajiriwa, nikazama ndani ya ng'ombe. Halafu nikaona tangazo. Jeshi linataka wenye digrii waingie kama maofisa, na ofisa kijana anaweza kujitolea kwa mafunzo ya kikosi maalumu. Nikaangalia umri wa mwisho. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Nilimkuta mama uani anachambua soya za kutengenezea tempe, yale mabonge ya soya iliyochachushwa tunayokaanga.

"Mama, nataka kuacha kazi. Nataka kwenda jeshini, nikajaribu kile kikosi."

Mikono yake ikasimama. Halafu akaendelea kuchambua.

"Wewe tu, mwanangu," akasema. "Kazi yangu mimi ni kukuombea."

Aisee, nilitoka pale mbio!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kwetu mtu hamwambii hapana mtu anayempenda. Anasema "wewe tu." Ukisikia hivyo unatakiwa uulize mara ya pili, na mara ya tatu. Ile ya tatu ndiyo hutoka moyoni. Kila Mjava analijua hili, hata mtoto anayekaribishwa chai kwa jirani analijua.

Mimi niliuliza mara moja, nikachukua jibu nililokuwa nalitaka, nikasepa nalo.

Mzee Darmo, jirani yetu mwenye ng'ombe wanne, ndiye pekee aliyesema waziwazi. "Daktari mzima unaacha kazi ukapigwe mateke na binadamu? Kwani haya ya ng'ombe wangu hayakutoshi?"

Zizi zima lilicheka, na mimi nikacheka.

Siku ya kuondoka nilimwosha mama miguu kwenye beseni, kama desturi yetu mtu akienda kwenye jambo zito, nikanawa uso kwa maji yale. Alilia mpaka mabega yakatikisika. Nikasema moyoni, mama ana furaha mpaka machozi.

Mjinga mimi!

Uofisa nilipita bila shida. Nikajitolea kwa kikosi maalumu, nikapokelewa. Miezi saba. Kwanza kambini, halafu milima na misitu, mwisho kinamasi na bahari. Simu zilikusanywa siku ya kwanza. Kila mmoja akashonewa kitambaa chenye namba begani. Mimi nilikuwa arobaini na saba.

"Anayetaka kwenda kwao hatashikwa," mkufunzi alitutangazia. "Bandua namba yako, nipe mkononi, gari lipo, chai ipo. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Mkufunzi anayekutukana unaweza kumvumilia. Huyu alikuwa anatuonyesha mlango kila asubuhi, kwa upole, na chai inanukia kweli.

Mwenzangu wa kulala naye hema moja alikuwa Sitorus, Mbatak kutoka Sumatra, mhandisi wa madaraja, mdomo haufungi.

"We daktari wa ng'ombe," aliniambia siku ya kwanza, "mimi nikianguka njiani usinipime kwa nyuma."

Tulikuwa tunacheka hivyo mwanzoni. Kufika mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Tulitembea na mizigo ya kilo thelathini mgongoni, tukalala tumelowa, tukala kilichopatikana. Kwenye milima ndipo mguu wangu wa kushoto ulipoanza kuniongelesha, chini kidogo ya goti.

Mwanzo niliita uchovu. Lakini wakuu, mimi nimesomea mifupa. Ukikandamiza kidole sehemu moja ndogo na unaona nyota mchana, huo si uchovu, huo ni ufa kwenye mfupa. Ng'ombe angekuja kwangu na mguu ule, ningemwambia mwenyewe amchinje mapema nyama isipotee.

Nikajua kinachofuata. Ukipumzika wiki nane, unapona. Ukiendelea kubeba mzigo, siku moja unakatika.

Basi nikaamua. Liwalo na liwe, bereti si mguu. Jumamosi moja mchana, tuko mapumzikoni, nikakaa chini ya hema na kisu kidogo, nikaanza kufumua nyuzi za ile namba begani.

Sitorus akanitazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nenda, ndugu yangu. Mguu ukienda haurudi."

Zilikuwa zimebaki nyuzi za upande mmoja tu. Hapo mkufunzi akapita na barua za mwezi. "Arobaini na saba!"

Ulikuwa mwandiko wa dada Wening.

Sitaisahau barua ile. Aliandika: *Mdogo wangu, tuko salama, ng'ombe mdogo kazaa. Ila mama ananitia hofu. Tangu uingie huko anafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Na siku yako ya kuzaliwa kwa kalenda yetu, kila ikirudi baada ya siku thelathini na tano, anakula wali mweupe na maji tu siku tatu nzima, hata chumvi hagusi. Unajua vidonda vyake vya tumbo. Nimemsihi aache, anasema hataacha mpaka mafunzo yako yaishe. Amekonda, nguo zinamvuka. Seno, usiifanye njaa ya mama iende bure.*

Nikaisoma mara mbili.

Nikakiangalia kisu. Nikauangalia mguu. Mama yangu na tumbo lake bovu anakaa na njaa ili mimi nipate bereti, halafu mimi nirudi nyumbani nimwambie nini? Kwamba niliumwa mguu?

"Sitorus," nikasema, "una sindano na uzi?"

"Umechanganyikiwa wewe!"

"Nipe uzi."

Nikaishona namba upya. Sikuwa na nguvu ya kufanya vingine, wakuu. Mtu anayekutukana utamkimbia, lakini mama aliyefunga kwa ajili yako unamkimbiaje?

Nikaenda hivyo miezi mitatu na ushee. Nilikuwa nafunga mguu kwa vitambaa kila alfajiri, nikikaguliwa nasimama wima, nikigeuka nauma meno. Kila Jumatatu na Alhamisi nilikuwa namhesabia mama saa. Saa hizi ana kiu. Saa hizi tumbo linamkata. Basi twende, hatua nyingine. Sitorus alinisaidia mizigo mpaka naye akaanza kupinda mgongo.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Mchana kweupe tulikuwa tunashuka kutoka kwenye boti ya mpira kuingia kwenye tope la mikoko. Nilitanguliza mguu wa kushoto. Ukazama, mwili ukageuka, mguu ukabaki palepale.

*Ka!*

"Nani kavunja tawi?" Sitorus aliuliza nyuma yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye tope hadi kifuani, natazama mawimbi madogo, najua kila kitu kimekwisha. Walinibeba mgongoni. Mkufunzi alikuja mwenyewe, akabandua namba yangu polepole na kuitia mfukoni mwangu badala ya mfukoni mwake. Afadhali angenitukana.

Hospitali waliweka chuma na skrubu.

"Huu ufa ni wa miezi," daktari alisema akitazama picha. "Ulikuwa huujui?"

"Niliujua."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini?"

"Mama alikuwa amefunga," nikamjibu. Akaniangalia, akaandika kitu, akaondoka.

Goti halikukunjika tena. Jeshi liliniaga vizuri, kwa cheti na saluti, nikarudi Boyolali na mkongojo.

Nikasema basi, nitarudia ng'ombe wangu. Siku ya kwanza zizini kwa mzee Darmo, ng'ombe alirusha teke la kawaida kabisa, la kufukuza nzi. Zamani ningekwepa bila kukatisha maongezi. Safari hii nilianguka chali kwenye kinyesi. Mzee Darmo akaniinua, akanipangusa mgongo na kunitoa nje bila kusema neno. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha, maana mzee yule hutania hata misibani.

Bereti sina, ng'ombe sina. Sasa hivi nakaa dirishani kwenye kituo cha kupokelea maziwa, napima nani katia maji.

Haya, turudi kwenye Idi.

Mama alikaa kwenye kiti chake, Wening akapiga magoti, akaomba radhi, akainuka. Ikafika zamu yangu. Nikaegemeza mkongojo ukutani, nikajaribu kushuka. Goti likagoma. Nikajaribu upande, nikashindwa. Nikabaki nimesimama mbele ya mama yangu, mtu mzima, nimeinama nusu, siwezi kushuka wala kunyooka.

Ndipo akashuka yeye.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe mimi."

"Mama, inuka! Unafanya nini?"

"Mimi ndiye niliyeuvunja mguu huu."

Nikamwangalia Wening. Wening hakuwa anajua lolote.

"Ile funga," mama akasema, uso ameuzika kwenye suruali yangu. "Sikufunga upite. Nilifunga ushindwe. Nilimwomba Mungu akurudishe nyumbani. Baba yako niliwaona wakinishushia mgongoni mwa mtu, sikutaka na wewe uletwe hivyo. Nikaomba kila Jumatatu, kila Alhamisi, arudi, arudi, arudi. Sikusema urudi na nini. Nilisahau kusema urudi mzima."

Wakuu, nilikosa hata pa kuweka mikono.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hutaki niende?" nikauliza.

"Hukuuliza tena," akasema.

Nikamwambia si kosa lake. Nikamwambia mifupa huvunjika tu, ni kazi ya Mungu. Nikamshika mabega, Wening akamwinua, tukalia wote watatu.

Ila kuna kitu sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia. Sijamwambia kuhusu Jumamosi ile na kisu na nyuzi za upande mmoja. Hajui kwamba nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu yangu miwili, na kwamba njaa yake ndiyo iliyonishona tena pale. Anadhani dua yake ilinivunja. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwongezea mzigo, na ule alionao tu haumwachi alale.

Wening anaijua barua aliyoiandika, na anajua ufa ulikuwa wa miezi. Ameshajumlisha mwenyewe. Hatujawahi kuizungumza.

Somo langu ni hili, na limenigharimu mguu. Mtu wako akikujibu "wewe tu," usikimbie na hilo jibu. Muulize tena. Na wewe unayesema "wewe tu" huku moyo unakataa, fungua mdomo useme hapana. Heri mgombane wiki moja.

Leo ni Alhamisi. Mama amefunga tena.

Mchana huu nimemkuta uani na soya zake. Nikamuuliza, "Mama, siku hizi unaomba nini?"

"Mguu wako upone."

Nikauliza mara ya pili. "Mguu tu, mwanangu."

Nikauliza mara ya tatu. Mikono yake ikasimama.

"Naomba usije ukanichukia," akasema.

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu barua. Nikaishia kumwambia futari leo nitapika mimi.